Tarakilishi Nayo Ina Viambishi Vyake

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea sura ya pili ya tasnifu yake kuhusu majina ya miti ya dawa katika lugha ya Kikamba. Ilikuwa kazi ya kutia moyo. Alikuwa ametembea kijiji hadi kijiji, akaketi na wazee, akanakili majina ambayo huenda yakakosa mtu wa kuyataja miaka 20 ijayo. Hata hivyo, kila nilipofungua ukurasa nilikumbana na "muti" mahali pa "mũtĩ", "miti" mahali pa "mĩtĩ" na "mundu" mahali pa "mũndũ". Nilimwita ofisini nikamwuliza ni kwa nini ameivunjia heshima lugha ya mama yake kiasi hicho. Jibu lake lilikuwa fupi: "Daktari, tarakilishi haina herufi hizo."

Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku hiyo, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Kijana huyo si mvivu, wala si mjinga. Amefunzwa matumizi ya tarakilishi tangu shule ya upili. Tatizo ni kwamba alichofunzwa ni utiifu. Aliambiwa abonyeze hapa, afungue pale, ahifadhi kule, basi. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba mashine hiyo inaweza kuamriwa ibadilike ili imfae yeye, na kwamba mara nyingi kinachohitajika ni programu ndogo tu, ya bure, isiyochukua nafasi kubwa kuliko picha chache za harusi.

Wapo watakaosema kwamba alama hizo juu ya herufi ni mapambo tu. La hasha! Kikamba kina irabu 7, sawa na Kigĩkũyũ. Herufi 5 za kawaida hazitoshi, ndiposa waandishi wa lugha hizo huweka alama ya kiwimbi juu ya i na juu ya u ili kupata irabu mbili zaidi. Ukiiondoa alama hiyo, umezifuta irabu mbili kati ya 7. Hebu, msomaji mpendwa, fikiria Kiswahili ambacho mtu amekinyang'anya e na o kwa sababu mashine yake haina vibonye hivyo. "Choma" na "chuma" yangekuwa neno moja. Mwenye kusema "sema" angeonekana ameandika "sima", chakula wanachokijua vyema ndugu zetu wa Pwani. Je, tungekubali? Tungeandamana barabarani! Lakini mambo hayo hayo yakizifika lugha zetu nyingine, tunanyamaza na kuilaumu kibodi.

Nilimketisha kijana huyo mbele ya kipakatalishi chake. Tukapakua programu iitwayo Keyman, ambayo iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Marc Durdin kwa ajili ya maandishi ya Kilao, lugha ya huko Asia ya Kusini-Mashariki. Tangu 2015 programu hiyo imo mikononi mwa shirika la SIL, na hutolewa bila malipo. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kukaa katikati ya vidole vyako na mfumo mkuu wa tarakilishi, ili kibonye unachokibonyeza kitoe herufi unayoitaka wewe. Inayo mipangilio ya kibodi kwa mamia ya lugha za dunia, na mtu asiyeridhika na iliyopo anaweza kuunda mpangilio wake mwenyewe kwa chombo kilichotolewa na watu hao hao. Dakika zisizozidi 20 zilitosha. Kijana akaandika "mũtĩ", akaliangalia neno hilo kwenye kiwambo, akacheka peke yake.

Kicheko hicho kilinifurahisha, lakini pia kilinihuzunisha. Miezi mingapi imepotea? Ni tasnifu ngapi zimelala katika maktaba zetu zikiwa na data iliyopotoshwa, si kwa upungufu wa utafiti, bali kwa kukosa kujua kwamba kuna programu ndogo ya kuiongezea mashine?

Programu za aina hii ni nyingi mno. Sisi wanaisimu tunao mfano wa karibu wa kuzieleza. Chukua mzizi "pik". Mzizi huo ukiuongezea viambishi unapata "pika", "pikia", "pikwa", "pikika", "pikisha". Kiambishi ni kitu kidogo, wakati mwingine ni irabu moja tu, na kikiwa peke yake hakisimami wala hakisemi lolote. Lakini kikishikamanishwa na mzizi hubadilisha nani anatenda, nani anatendewa na kwa manufaa ya nani. Mfumo endeshi wa tarakilishi, yaani ile programu kuu inayoisimamia mashine tangu inapowashwa hadi inapozimwa, ndio mzizi. Programu saidizi ninazozizungumzia ndizo viambishi. Haziwezi kufanya kazi bila mfumo, lakini mfumo bila hizo hubaki ukisema yale tu aliyoyakusudia mtengenezaji wake.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1980, tarakilishi zilizotumia mfumo wa DOS ziliweza kuendesha programu moja tu kwa wakati mmoja. Aliyekuwa akiandika barua na akataka kupiga hesabu alilazimika kuifunga barua kwanza. Mnamo 1984 kampuni ya Borland ilitoa programu ndogo iliyoitwa Sidekick, ambayo ilijificha katika kumbukumbu ya mashine na kujitokeza pale tu mtumiaji alipobonyeza vibonye viwili kwa pamoja. Mara kikokotoo hiki hapa, kalenda hii hapa, daftari hili hapa, na barua bado imo pale pale. Mfumo wenyewe haukukusudia jambo hilo. Kiambishi ndicho kilicholileta.

Hata watengenezaji wa mifumo wanaujua ukweli huu. Windows 95 ilipotoka mwezi Agosti 1995, baadhi ya wahandisi walioitengeneza walitoa mkusanyiko wa programu ndogo ulioitwa PowerToys. Mojawapo, iliyojulikana kama Tweak UI, iliwawezesha watumiaji kubadilisha mambo ambayo mfumo ulikuwa umeyaficha. Microsoft iliziruhusu zisambazwe lakini haikujifunga kuwasaidia watakaopata shida nazo. Miaka mingi baadaye, mnamo 2019, jina hilo lilifufuliwa, na safari hii msimbo wa programu hizo ukawekwa wazi ili yeyote ausome na kuurekebisha. Miongoni mwake kuna ya kugawa kiwambo katika sehemu ambazo mtu anazitaka, ya kubadilisha majina ya mamia ya faili kwa mkupuo mmoja, na ya kubadilishana kazi za vibonye. Mwalimu ambaye kibonye chake cha herufi "a" kimekufa, na hana fedha za kununua kibodi nyingine kabla ya mwisho wa mwezi, anaweza kukiamuru kibonye kingine asichokitumia kiifanye kazi hiyo. Hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye karatasi za mtihani za kuchapa usiku huu.

Tukio la 2012 linafaa kukumbukwa pia. Mwaka huo Microsoft ilitoa Windows 8, na kwa amri ya wakubwa wake kile kitufe cha kuanzia, ambacho watumiaji walikizoea tangu 1995, kikaondolewa. Watu duniani kote waliwasha mashine zao na kujiona kama wageni katika nyumba zao wenyewe. Wengi walikimbilia programu ndogo iliyoitwa Classic Shell, kazi ya Ivo Beltchev, ambayo iliirudisha menyu ya zamani. Mwaka uliofuata kitufe kilirejeshwa na kampuni yenyewe, na Windows 10 ilipotoka 2015 menyu nayo ikarudi. Sisemi kwamba programu moja ndogo ilitosha kuishinda kampuni kubwa. Ninachosema ni kwamba katika muda ule wa kusubiri, aliyekijua kiambishi hakuteseka, na asiyekijua aliteseka kimya.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni ule wa wasioona. Kwa muda mrefu, mtu asiyeona aliyetaka kutumia tarakilishi alihitaji programu ya kumsomea kwa sauti yaliyomo kwenye kiwambo, na bei ya programu hiyo ingeweza kuwa sawa na bei ya tarakilishi yenyewe, au hata kuishinda. Mnamo 2006, Michael Curran, kijana wa Australia ambaye yeye mwenyewe haoni, alianza kuandika programu ya kazi hiyo ili itolewe bure. Aliungana na James Teh, ambaye naye haoni, na mwaka uliofuata wakaanzisha shirika lisilo la kibiashara la NV Access. Programu yao, NVDA, leo hutumiwa katika nchi nyingi. Inaweza kubebwa katika kidude kidogo cha kuhifadhia data na kuchomekwa katika mashine yoyote ya Windows bila kusakinishwa. Sauti inayokuja nayo inaweza kusoma Kiswahili. Sikudanganyi, msomaji: lafudhi yake si ya Lamu wala ya Mombasa, ni sauti ya bati. Lakini aliyekuwa akisubiri rafiki amsomee kitabu atakwambia kwamba sauti ya bati inayokutii ni bora kuliko sauti tamu unayoisubiri mlangoni.

Programu hiyo nayo hupokea nyongeza zake, programu ndogo zaidi zilizoandikwa na watumiaji wenyewe. Mwanaisimu hatashangaa. Kutoka "soma" tunapata "somesha", na kutoka "somesha" tunapata "someshana". Kiambishi hukaribisha kiambishi.

Sasa tuje nyumbani kabisa, kwenye Kiswahili chenyewe. Mnamo 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyozungumza Kiswahili. Microsoft nayo baadaye ilitoa Kiswahili kwa ajili ya Windows. Lakini ilikitoa vipi? Ilikitoa kama kifurushi cha nyongeza, cha kuwekwa juu ya mfumo uliokwisha kuandikwa kwa lugha nyingine. Kiswahili chenyewe, kwa maneno mengine, kimeingia katika tarakilishi kama kiambishi! Wapo wanaoliona hilo kuwa dharau. Mimi naliona kuwa mlango ulioachwa wazi. Kinachosikitisha ni kwamba hatuuingii. Katika shule nilizozitembelea kama mtahini na mgeni, sijaona maabara hata moja ambayo mashine zake zilikuwa zimewekewa Kiswahili, ilhali kifurushi chenyewe hakiuzwi. Tunawafunza watoto istilahi za "tarakilishi", "kipanya" na "faili" ubaoni, kisha tunawapeleka mbele ya mashine isiyozitaja hata mara moja.

Kuna pia suala dogo la king'ong'o. Nilipokuwa nikichunguza matini ya magazeti, nilitumia programu ya kuorodhesha maneno na kuhesabu kila moja linatokea mara ngapi. Katika orodha nilikuta neno "ombe". Nilikuna kichwa. Ombe ndilo neno gani? Kumbe mashine ilikuwa imemchinja ng'ombe vipande viwili, "ng" huku na "ombe" kule, kwa kuwa iliichukulia ile alama iliyo katikati kuwa ya uakifishaji. Kwetu sisi alama hiyo si ya uakifishaji hata kidogo. Ni sehemu ya herufi. Ndiyo inayotofautisha "ng'oa", yaani kutoa kitu kilichoota au kilichoshikamana, na "ngoa", yaani ashiki au wivu. Mfumo wa kimataifa wa kusimba herufi, Unicode, unaijua tofauti hiyo. Una alama mbili zinazofanana kwa sura, moja ya uakifishaji na nyingine ikiwa herufi kamili. Kibodi zetu hutoa ile ya kwanza tu. Programu ndogo ya kubadilisha vibonye inaweza kuitoa ile ya pili, na ng'ombe akabaki mzima.

Kwa kazi kama hiyo, wengi hutumia programu iitwayo AutoHotkey, iliyoanzishwa na Chris Mallett mnamo 2003. Uzuri wake ni kwamba humfunza mtumiaji kuandika amri zake mwenyewe, na amri ya kwanza haimshindi mtoto wa darasa la 8. Unafungua faili tupu ya maandishi, unaweka nukta mbili mara mbili, unaandika ufupisho, mathalani mwf, unaweka tena nukta mbili mara mbili, kisha unaandika neno zima, mwanafunzi. Unaihifadhi na kuiendesha. Kuanzia hapo, kila unapocharaza mwf na kubonyeza kibonye cha nafasi, mashine inakuandikia mwanafunzi. Mwalimu mwenye ripoti 50 za mwisho wa muhula, zenye sentensi zile zile za kutia moyo na kuonya, ataelewa mara moja thamani ya mstari huo mmoja. Na mwanafunzi aliyeuandika atakuwa ameonja ladha ya kuiamuru mashine, jambo ambalo miezi mingi ya kukariri sehemu za tarakilishi haiwezi kumpa.

Hata hivyo, wahenga hawakukosea waliponena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Sitaki mtu yeyote asome makala haya kisha akimbilie kupakua kila kitu anachokiona mtandaoni. Kiambishi kikikosewa huharibu neno zima, na programu saidizi ikiwa mbovu huharibu mashine nzima.

Kwanza, ni lazima tufahamu kwamba programu inayobadilisha vibonye huona kila kibonye unachokibonyeza, ikiwemo nywila yako. Unapoikaribisha, umemkaribisha mgeni chumbani, si sebuleni. Mjue kwanza. Pakua kutoka kwa wenyewe tu, na upendelee zile ambazo msimbo wake umewekwa wazi kwa wataalamu kuukagua.

Pili, hata jina kubwa si dhamana. Mnamo 2017, wahalifu waliingilia CCleaner, programu mashuhuri ya kusafisha tarakilishi. Toleo lililotolewa Agosti mwaka huo lilikuwa limepachikwa msimbo wa kijasusi, nalo likasambazwa kupitia njia rasmi za kampuni yenyewe. Watumiaji zaidi ya milioni 2 walikuwa wamelipokea kufikia wakati jambo hilo lilipogunduliwa mwezi Septemba. Walikuwa waangalifu, lakini walipatikana. Hii ina maana kwamba tuweke tu kile tunachokihitaji, na tukiondoe kinapomaliza kazi yake.

Tatu, zipo programu zinazoahidi miujiza, kwamba zitaifanya mashine kuukuu ikimbie kama mpya kwa kufuta mambo ndani ya sajili ya mfumo. Microsoft yenyewe imesema kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha sajili. Mashine iliyochoka kwa uzee haiponi kwa ahadi.

Nne, programu hizi nyingi ni kazi ya mtu mmoja au wawili, na binadamu huchoka. Classic Shell niliyoitaja ilikoma kuendelezwa na mwandishi wake mnamo 2017. Bahati nzuri alikuwa ameuweka msimbo wake wazi, na watu wengine wakaichukua na kuiendeleza kwa jina la Open-Shell. Laiti angaliufungia kabatini, kazi yote ingalikufa. Hilo ni funzo kwetu sisi wa vyuo vikuu, ambao hupenda kuyafungia matunda ya utafiti wetu hata pale yasipotuletea senti moja.

Nilipolizungumzia suala hili katika mkahawa wa walimu, mwenzangu mmoja alinicheka. Akaniambia, "Daktari, shule nyingine hazina hata umeme wa uhakika, nawe unahubiri habari za kurembesha viwambo?" Ni hoja nzito na siwezi kuikwepa. Ni kweli kwamba baadhi ya programu hizi ni za urembo mtupu, na kijana anaweza kupoteza siku nzima akibadilisha rangi za madirisha huku insha yake ikimngoja. Lakini mwenye vichache ndiye hasa anayehitaji kuvitumia vizuri. Shule yenye mashine 10 kuukuu haiwezi kununua programu ya bei ghali ya kumsomea mwanafunzi asiyeona, ila inaweza kuweka ya bure. Haiwezi kuagiza kibodi za Kigĩkũyũ, ila inaweza kuifunza kibodi iliyopo kuandika Kigĩkũyũ. Umaskini si sababu ya kutojua. Ni sababu ya kujua zaidi.

Yupo pia yule fundi wa maabara, ambaye tunamfahamu sote. Amefunga kila kitu. Hakuna kubadilisha, hakuna kuongeza, hata picha ya nyuma ya kiwambo ni ile ile ya mwaka juzi. Simlaumu kabisa, kwa maana anajua kwamba mashine zikiharibika ni yeye atakayeitwa, naye hana bajeti. Lakini kufuli lisilo na ufunguo si ulinzi, ni kizuizi. Katika taasisi moja niliyowahi kufunza, mwanafunzi asiyeona alikaa muhula mzima bila kutumia maabara kwa sababu sheria ilisema programu mpya haziruhusiwi. Sheria ilitimizwa, na mwanafunzi akabaki nyuma. Tujiulize tunalinda nini.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inailazimu serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Inaitaka iendeleze matumizi ya lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano na teknolojia zinazowafaa watu wenye ulemavu. Mtaala wa umilisi nao unataja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi 7 wa kimsingi, na unataka watoto wa madarasa ya chini wafunzwe lugha za kiasili. Maneno hayo ni mazuri yakiwa juu ya karatasi. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza anayetaka kuchapa hadithi fupi ya Kikamba au ya Kimeru, na asijue jinsi ya kuipata ĩ wala ũ, atafanya kama alivyofanya mwanafunzi wangu. Atachapa bila alama. Watoto 40 watajifunza kusoma lugha yao kwa tahajia iliyolemaa, na baada ya miaka 20 tutaitana kongamano kujadili kwa nini vijana hawajui kuandika lugha za mama zao.

Ninapendekeza mambo matatu. Idara za isimu katika vyuo vikuu vyetu zikae pamoja, zikubaliane kuhusu herufi zinazohitajika kwa lugha za Kenya, ziunde mipangilio ya kibodi na kuitoa bure, msimbo ukiwa wazi. Si kazi ya mabilioni. Ni kazi ya wanafunzi wachache wa isimu na wenzao wa sayansi ya tarakilishi katika likizo moja. Maabara za shule na vyuo nazo ziwe na orodha ya programu saidizi zilizokaguliwa na kuruhusiwa, ili fundi asiwe na sababu ya kukataa kila kitu na mwanafunzi asiwe na sababu ya kupakua chochote. Mwisho, walimu wa tarakilishi watenge angalau kipindi kimoja kila muhula cha kuwafunza wanafunzi kuibadilisha mashine: kuigeuza lugha yake, kukipa kibonye kazi nyingine, kuandika ufupisho mmoja unaowafaa. Mtoto aliyewahi kuibadilisha mashine hata mara moja haiogopi tena.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu wala serikali. Pale mashine inapowaambia haiwezi, ulizeni tena. Mara nyingi si kwamba haiwezi, bali haijaambiwa.

Yule kijana wangu alirudi baada ya wiki tatu na sura ile ile, ikiwa imeandikwa upya. Kila mũtĩ ulikuwa mũtĩ. Alikuwa pia ameuunda mpangilio wake mwenyewe wa kibodi, na wenzake wanne wanaoandika kuhusu Kigĩkũyũ na Kimeru walikuwa wamekwisha kuuomba. Kabla ya kuondoka aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Daktari, na zile tasnifu za zamani zilizo maktabani, nani atazisahihisha?"

Sikuwa na jibu. Ninaliweka swali hilo mbele yenu, walimu wenzangu.